Neno la Siri la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi Kalemie, alifika na mfuko wa mihogo mikavu, mto wake wa kulalia, na kompyuta ndogo aliyoiviringisha ndani ya vitenge viwili. Alitoka Nyunzu kwa gari la mizigo, ameketi mbele karibu na dereva. Vitu vingine aliviacha nyuma vipigwe na vumbi, lakini kompyuta aliipakata njia nzima. Alikuwa mwalimu mstaafu, na miaka yake ya mwisho kazini aliongoza shule ya msingi. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, aliyepata kazi Lubumbashi, ndiye aliyemtumia mashine hiyo kama zawadi.

Mke wangu alifurahi sana, maana alikuwa amemwomba kwa muda mrefu aache kukaa peke yake. Mimi nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Katika ukoo wao, na hata kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawali meza moja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni kwa muda mrefu. Siyo chuki, ni heshima. Na heshima hiyo ni rahisi mno ikiwa yeye yuko Nyunzu na wewe uko Kalemie. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule ndogo. Nikirudi kutoka biro, yaani kazini, yeye alitoka sebuleni akaenda uani. Mimi nilikula barazani, yeye alikula ndani. Tukiwa na jambo la kuambiana, lilipitia kwa mke wangu, hata kama sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri. Mimi aliniita papa, kwa heshima.

"Mwambie papa, mvua inakuja, ainue viatu vyake."

"Mwambie mama, nimesikia, aksanti."

"Mimi siyo telefone yenu," alisema mke wangu, huku akipita katikati yetu na sufuria.

Mama mkwe hakukaa bure. Kabla hata hajaizoea njia ya sokoni alikuwa amekwisha kukusanya wanawake wanaouza samaki ufukweni, wale ambao hawakupata nafasi ya kusoma utotoni, akawa anawafundisha kila Jumatano alasiri kwenye banda la kanisa. Masomo aliyaandika mwenyewe kwenye kompyuta: sentensi fupi kuhusu dagaa, chumvi, jua, mtoto anayeumwa, mambo wanayoyajua. Aliyaandika kwa herufi kubwa sana, kisha akayapeleka mjini kuchapishwa kwenye karatasi.

Shida ilikuwa ile kompyuta. Aliiwasha, akaenda kufagia uani, akarudi, na duara dogo la kwenye skrini lilikuwa bado linazunguka. Akabandika chai. Chai ikachemka, duara linazunguka. Ukiweka sikio karibu ulisikia ndani yake mlio mdogo, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Siku nyingine ilisimama kabisa katikati ya sentensi, naye akakaa mbele yake mikono imefungwa, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mkaidi amalize kununa.

Mimi si fundi. Ninafanya kazi katika biro ya mizigo karibu na bandari, nachapa karatasi za shehena, na mashine za pale zikiugua watu wote hunitazama mimi kwa sababu tu siogopi kubonyeza. Lakini mlio ule niliujua. Jioni moja nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya kufika chumbani:

"Mwambie mama, mashine yake haijazeeka. Kilichochoka ni diski. Siku hizi kuna nyingine, SSD, haina kitu kinachozunguka ndani. Tukiiweka, itawaka upesi."

Sauti ikajibu kutoka chumbani kabla mke wangu hajafungua mdomo. "Mwambie papa, na masomo yangu yatakwenda wapi?"

"Yatahamia yote."

"Muulize: yote yote?"

"Yote yote, mama."

Nilijiuma ulimi. Nilikuwa nimemjibu moja kwa moja. Mke wangu alicheka peke yake jikoni.

Diski niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye bidhaa zake huvuka ziwa kutoka Kigoma. Ilikuwa kitu chembamba cheusi, chepesi kiasi kwamba mama mkwe alipoipima kiganjani alimnong'oneza binti yake kuuliza kama sijadanganywa, kama mle ndani kweli mna kitu. Nilinunua pia waya wa kuiunganisha na kompyuta kwa nje, ili ninakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kabla ya kuzibadilisha.

Tulipanga Jumamosi, siku ambayo siendi biro. Nilichosahau ni kwamba mke wangu ni muuguzi, na Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yake. Aliondoka asubuhi akiwa amevaa sare yake nyeupe, akatutazama, mimi mezani na kompyuta, mama yake uani na kinu cha kutwangia majani ya sombe, akasema, "Haya, mkae vizuri," akapanda pikipiki.

Umeme wa mji ulikuwepo, na mama mkwe alikuwa ameiacha kompyuta imefunguka. Nilianza kunakili, na mambo yakaenda vizuri kwa muda, kisha mstari wa kijani ukasimama na ujumbe ukatokea kwamba sehemu fulani ya diski ya zamani haisomeki. Nilijaribu tena, ikasimama palepale. Dawa yake niliijua: kuiacha kompyuta ijikague yenyewe, izitenge sehemu zilizoharibika, kisha kuanza upya. Lakini ukaguzi huo hufanyika mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Na ikiwashwa, huuliza neno la siri, modipasi kama tunavyosema mjini.

Niliizima, nikaiwasha, nikakaa nikiitazama ile nafasi tupu kwenye skrini. Hakuwapo mtu wa kunipelekea ujumbe. Mchi ulikuwa unadunda uani.

"Mama," niliita, na sauti ikatoka ndogo. "Mashine inaomba neno la siri."

Mchi ukanyamaza. Baada ya kitambo aliingia, mikono imelowa, ananukia majani mabichi ya muhogo. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaketi mwisho kabisa wa benchi, ameelekeza uso kwenye ukuta.

"Papa atazame kando," alisema.

Niligeukia dirishani. Nilisikia vidole vyake vikibonyeza polepole, kimoja kimoja. Akaondoka, na mchi ukaanza tena.

Nilidhani itakuwa mara hiyo tu. Lakini ukaguzi ulipokwisha mashine ikauliza tena. Nikanakili, ikasimama mbele zaidi ya pale pa kwanza, nikalazimika kukagua tena, ikauliza tena. Mara ya tatu, au ya nne, hakungoja niite. Aliusikia ule mlio mdogo wa kuwaka, akaja mwenyewe, akasema "Papa atazame kando," nami nikawa nimekwisha kutazama kando. Mara iliyofuata alikuja na bakuli la majani, akaendelea kuyachambua palepale kwenye ncha ya benchi, kwa sababu, aliuambia ukuta, miguu yake si ya kupanda na kushuka ngazi za uani siku nzima.

Basi tukakaa. Benchi letu ni refu, na kati yetu wangeweza kuketi watu wawili. Mimi natazama mstari wa kijani, yeye anachambua majani. Hatukuzungumza, lakini ule ukimya haukunichokesha kama nilivyotazamia.

Mstari ulifika mwisho alasiri. Nilizima, nikaigeuza kompyuta, nikafungua skrubu kwa bisibisi na kuzipanga kwenye kisahani. Nilitoa diski ya zamani, nzito, bado ina joto, nikaingiza mpya mahali pake. Mama mkwe aliacha majani yake, akachungulia.

"Njo hivi tu? Kazi imekwisha?" aliuliza.

"Njo hivi tu, mama."

Nikawasha. Badala ya kufunguka, ilitoa maandishi meupe kwenye skrini ya buluu kwamba imeshindwa kuanza na inataka kutengenezwa. Sikushtuka sana, nilikuwa nimesoma kwamba hilo hutokea baada ya kuhamisha. Nilikubali kutengeneza. Ikaniuliza maswali kadhaa kwa Kiingereza, mojawapo likiwa orodha ndefu ya aina za kibodi. Nilikuwa na haraka, nikabonyeza ya kwanza niliyoiona. Kisha ikataka neno la siri la mwenye mashine.

"Mara ya mwisho, mama," nilisema, nikageukia dirishani.

Alibonyeza. Ikakataa.

"Nimegusa vibaya," alisema. Akabonyeza tena, polepole zaidi, na nilimsikia akihesabu herufi chini ya pumzi. Ikakataa. Mara ya tatu alitumia kidole kimoja, akikikandamiza kila kibonyezo kama anapanda mbegu. Ikakataa.

Alinyanyuka, akatoka, na mchi haukusikika. Nilipochungulia alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kinu, mikono juu ya magoti, anaangalia chini. Nilifikiri ameudhika nami, kwamba nimeharibu zawadi yake na masomo yake yote. Nilijaribu njia nyingine mbili tatu, kila moja ikaniomba neno lilelile.

Mwishowe alikuja mlangoni, akasimama pale na bega limeegemea mwimo.

"Papa," alisema, na safari hii hakuutazama ukuta. "Leo asubuhi nililijua. Ulisikia mwenyewe, nimeliandika, limekubali."

"Nilisikia, mama."

"Sasa siliwezi. Naliona kichwani, lakini mashine inasema siyo lenyewe. Mama yangu alianza hivi. Vitu vidogo tu. Alisahau wapi ameweka kisu. Tukamcheka. Kisha akasahau jina la mto tuliochota maji. Mwisho alikuwa ananiuliza mimi ni mutoto wa nani, na mimi njo nilikuwa ninamulisha. Usimwambie bibi yako, huyu binti yangu. Nitamwambia mwenyewe."

Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo, na sikujua hata niweke wapi macho yangu. Nilitaka kumwambia pole, nikaona neno hilo lingekubali jambo ambalo bado hatulijui. Nilimtazama tu, usoni, na yeye akanitazama, na paa halikutuangukia.

"Mama, ngoja," nilisema. "Kabla hatujasema ni kichwa chako, tuulize diski ya zamani. Ile inakujua."

Nilifungua skrubu zote tena. Moja ikaangukia sakafuni, naye akainama akaiokota kabla yangu. Nikarudisha diski ya zamani mahali pake. Tukangoja duara lizunguke, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya kwamba linachelewa, kwa kuwa niliogopa limalize. Ukurasa ulipofunguka, nilianza kugeuka.

"Usitazame kando," alisema. "Acha tu."

Alibonyeza haraka, bila kuhesabu. Ikafunguka. Masomo yake yote yalikuwa pale: dagaa, chumvi, jua.

Aliweka kiganja mdomoni. Halafu akashusha pumzi ndefu, akaketi kwenye benchi, siyo mwishoni, mahali alipokuwa amesimama tu. "Siyo kichwa changu," alisema.

"Siyo kichwa chako, mama."

"Basi ni nini?"

Hilo sasa lilikuwa swali langu. Neno lilelile, vidole vilevile, mashine ileile. Kilichobadilika ni nini? Nilirudi kwenye kila nilichokifanya, na nilipofika kwenye ile orodha ya kibodi nikasimama hapo. Pale biro tuliwahi kuletewa kompyuta yenye kibodi ya Kiingereza, na kwa wiki nzima kila barua yetu ilitoka imeharibika. Kibodi zetu zinafuata Kifaransa. Mahali penye A kwetu, wao wana Q. Na M yao haikai jirani na L kama yetu. Ukichagua Kiingereza kwenye mashine ya Kifaransa, unabonyeza A, yenyewe inasikia Q, na kwa sababu neno la siri huonyesha vidoti tu, huwezi kuona.

"Mama, sitaki kulijua neno lako. Lakini lina herufi A ndani?"

Alinitazama kwa jicho la mwalimu mkuu. "Iko nayo."

"Na M?"

"Na M iko." Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili wote. "Sasa papa anataka kuiba!"

Nikamweleza. Nilimwonyesha kwenye ukurasa mtupu: nikageuza kibodi iwe ya Kiingereza, nikamwambia aandike neno "mama". Likatoka na alama za nukta mkato na Q, kitu kisichosomeka. Aliliangalia kwa muda.

"Kwa hiyo mimi nilisema Kifaransa, yeye akasikia Kiingereza."

"Hivyo hasa. Na mimi ndiye niliyemwambia asikie Kiingereza."

"Na mimi nilikuwa nimekwisha kujizika," alisema, akatikisa kichwa.

Tuliweka diski mpya tena. Safari hii, orodha ya kibodi ilipokuja, tuliisoma pamoja mstari kwa mstari hadi tukaona Kifaransa. Aliandika neno lake. Ikakubali, ikajitengeneza kwa muda, ikazima, ikawaka. Na ilipowaka, ule ukurasa wa picha ulifunguka kabla hajamaliza kujifunga kitenge vizuri.

"Imeshafunguka, au bado inajitayarisha?"

"Imeshafunguka, mama."

"Izime, niione tena."

Nikaizima, nikaiwasha. Akataka tena. Kisha akafungua somo la Jumatano, akaanza kunisomea, akiniuliza kama sentensi ya pili si ndefu mno kwa mtu anayeanza. Tulikuwa tumeinamia skrini, tunabishana kama "chumvi" ni neno gumu, ndipo nilipomwona mke wangu mlangoni, na mkoba wake begani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma taratibu hadi barazani, akakohoa, akapiga hodi kwa sauti kubwa kama mgeni.

Tulisimama sote wawili kwa pamoja. Mama mkwe akakimbilia sombe yake, mimi nikaanza kukusanya skrubu. Mke wangu aliingia akiuma mdomo asicheke.

"Mwambie papa—" alianza kusema mama yake kutoka uani, kisha akanyamaza. Tukasikia mchi.

Usiku ule, mama alimweleza binti yake habari yote, hata ile ya bibi yake na kisu. Niliwasikia wakiongea chumbani kwa sauti za chini, na mke wangu alipokuja kulala alinishika mkono.

Kazi ya kompyuta haikwisha siku ile. Jumatano alipanda pikipiki, akapeleka mashine bandani, akitaka kuwaonyesha wanawake herufi kubwa kwenye skrini, na ikazimika katikati ya somo. Alirudi amekasirika, na hasira hiyo ilinifurahisha, maana ilikuwa ya mtu mwenye afya.

"Imeniaibisha mbele ya wanafunzi wangu. Fungua, tuone."

Nilifungua. Aliingiza kidole, akaigusa diski. "Inacheza. Kama jino la mutoto."

Alikuwa sahihi. Diski mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, na kutikisika kwa pikipiki kuliitoa kidogo mahali inaposhika. Nilitaka kwenda mjini kutafuta kipande cha plastiki cha kuikaza, lakini yeye alikwisha kuleta mkasi na boksi la majani ya chai. Alikata kipande, akakipima, akakipunguza, akakipima tena. Mimi niliangalia kisiguse sehemu ya chuma inayoshika waya. Tulikiweka, tukafunga. Nilitikisa kompyuta kama mtu anayetikisa nazi kusikia maji. Kimya. Haijazimika tena hadi leo.

Kula bado tunakula mbalimbali. Nikirudi kutoka biro bado ananipisha sebuleni, na bado anaagiza baadhi ya mambo kupitia kwa mke wangu, hasa yale ya kunikosoa. Lakini jioni akiwa anaandika somo, benchi lile ni letu sote. Mwaka huu kaka wa mama mkwe alitutembelea kutoka Nyunzu, mzee mkali kwa mambo ya desturi. Alitukuta tumekaa hivyo, mimi nasoma kwa sauti, mama anasahihisha. Aliguna, akamuuliza dada yake tangu lini watu wa kwao wanakaa kiti kimoja na mukwe.

Mama mkwe hakuinua macho kwenye skrini.

"Hapa hatukai," alisema. "Hapa tunafanya kazi."

Mzee akafikiri, akavuta kiti chake karibu na mlango, akaomba chai.